Maziwa Yetu na Matumbo Yetu

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya Mkutano Mkuu wa kuadhimisha miaka kumi ya Ushirika



Wenzetu waliotutangulia kusema wamekwisha kuwasomeeni hesabu ya lita zilizopokelewa, ya mitamba iliyogawiwa kwa mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, na ya tangi la kupoozea maziwa ambalo deni lake limekwisha. Hatutayarudia hayo. Halmashauri imetuagiza tuseme juu ya maziwa yenyewe yakisha kuingia tumboni mwa mtu. Twaona agizo hilo ni la haki, kwani chama kiuzacho chakula kwa miaka kumi bila ya kujua chakula hicho chamfaa nani na chamdhuru nani, ni kama fundi ashonaye kanzu bila ya kumpima atakayeivaa.

Pamoja na hayo tutasema jambo moja la aibu yetu sisi tulio ofisini. Siku ya sherehe si desturi kutaja makosa. Walakini kosa lenyewe lilitendeka mbele ya watu, nasi tungependa lisahihishwe mbele ya watu.

Wengi wenu mwakumbuka kwamba katika mwaka wa tatu wa Ushirika wetu tulikata shauri kuwapa watoto wa shule ya msingi iliyo jirani kikombe kimoja cha maziwa yaliyochemshwa, siku mbili kila wiki. Nia ilikuwa njema, wala hatukuwa wa kwanza. Uingereza ilipitisha sheria ya maziwa ya bure mashuleni mwaka 1946, na jirani zetu wa Kenya walianza maziwa yao ya shule mwaka 1979, katika siku za Rais Moi. Nasi tulidhani kwamba mwenye kupewa maziwa hana la kusema ila kushukuru.

Haikwisha wiki ya pili ila maneno yakaanza. Watoto kadha walirudi nyumbani matumbo yakinguruma na kujaa, na wengine wakaendesha. Katika tawi moja ikasemwa kwamba maziwa ya Chama yametiwa dawa. Ndipo mwanachama mmoja, ambaye watoto wake wawili walikuwa katika shule ile, aliposimama katika mkutano wa tawi na kusema kwamba maziwa yanamwumiza mkubwa tumbo, na kwamba mdogo, alipoonja tu, alivimba midomo na kupata shida ya kuvuta pumzi. Sisi ofisini tulifungua kitabu cha kipima maziwa, tukaona kwamba maziwa ya siku zile hayakuwa na maji wala uchafu. Kutokana na hayo tukasema kwamba mtu huyu ni mzushi. Halmashauri ilimsimamisha kwa miezi minne, na barua ya kumsimamisha ikasomwa kwa sauti kituoni asubuhi, wakati wa kupokea maziwa, ambapo kila mtu yupo.

Kisha, ili kuumaliza uvumi, sisi tuliokabidhiwa uandishi wa Chama tulitaka tuwe mfano. Katika mkutano uliofuata maziwa yaliteguliwa jikoni mbele ya wote, yakapoa, tukanywa vikombe viwili vikubwa mfululizo. Watu walipiga makofi. Yafaa tukiri kwamba tangu utoto wetu maziwa tuliyoyazoea ni yale ya kutia katika chai, au mtindi. Maziwa matamu kwa kiasi kile hatukuwa tumeyanywa. Shauri la pili la mkutano lilipokuwa likijadiliwa, tumbo lilikuwa likinguruma kama mashine ya kusaga. Kabla la tatu halijafunguliwa ikatulazimu kuomba ruhusa kwa Mwenyekiti na kutoka kwa mwendo usiomstahili ofisa wa Chama. Bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango akasema, wala hakusema polepole, "Leo hata Katibu amekuwa mzushi."

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Siku ya pili yake tulikwenda zahanati kumwuliza mwuguzi, na tangu siku hiyo tumeendelea kuuliza na kusoma. Tuliyojifunza ndiyo haya.

Katika maziwa mna sukari yake mwenyewe, iitwayo laktosi. Katika lita moja ya maziwa ya ng'ombe sukari hiyo hukaribia gramu 50. Mtoto mchanga huzaliwa na kimeng'enya katika utumbo wake, kiitwacho laktesi, ambacho kazi yake ni kuikata sukari hiyo vipande viwili vipate kuingia damuni. Mtoto akisha kuachishwa ziwa, kwa watu walio wengi duniani kimeng'enya hicho hupungua mwaka kwa mwaka. Basi mtu mzima wa namna hiyo akinywa maziwa mengi kwa mara moja, sukari hupita bila ya kukatwa mpaka katika utumbo mpana, na vijidudu vilivyoko huko huichachusha. Hapo ndipo itokapo hewa, ndipo tumbo lijaapo na kuuma, na maji huvutwa utumboni hata mtu akaendesha. Hii si sumu, wala si ugonjwa wa kuambukiza, wala si ukaidi. Wakadiriaji husema kwamba watu wapatao theluthi mbili wa dunia nzima wana hali hii kwa kadiri fulani. Aliye tofauti, kwa hakika, ni yule awezaye kunywa maziwa matamu kwa kibuyu mpaka uzeeni.

Jambo hili lilichunguzwa hapa hapa Afrika Mashariki zamani. Mwaka 1966 waganga G. C. Cook na S. K. Kajubi walitangaza uchunguzi wao wa Uganda, walipoona kwamba Waganda wengi waliokwisha kuwa watu wazima hawakuweza kuyeyusha sukari ya maziwa, hali Wahima na Watutsi, ambao asili yao ni watu wa ng'ombe, wengi wao waliiweza. Mwaka 2007 wataalamu walioongozwa na Sarah Tishkoff walieleza habari za watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudani. Walikuta kwamba wafugaji wa kwetu wamerithi katika damu yao badiliko linaloifanya laktesi idumu, na badiliko hilo si lile la watu wa Ulaya ya Kaskazini. Lilizuka huku kwetu katika miaka elfu chache iliyopita, watu walipoanza kuishi kwa maziwa. Kwa hiyo mwanachama wetu aliyetoka katika ukoo wa wafugaji na mwanachama aliyetoka katika ukoo wa wakulima wa migomba waweza kunywa kutoka mtungi mmoja, mmoja akalala na mwingine akakesha, na wote wawili wakasema kweli.

Je, wasioweza kunywa maziwa matamu wayaache kabisa? La. Bibi zetu walikwisha kulijibu swali hilo bila ya kuwa na maabara. Maziwa yakiganda, bakteria wa mtindi hula sehemu ya ile sukari, na hata wakisha kumezwa huendelea kusaidia kuikata iliyobaki. Ndiyo sababu mtu anayeumizwa na kikombe cha maziwa matamu aghalabu hunywa mtindi kwa raha. Jibini gumu lililokaa siku nyingi halina laktosi ila kidogo mno. Tena wengi wenye hali hii huweza kuchukua maziwa ya kikombe kimoja kwa siku bila ya taabu kubwa, maadamu wayanywe kidogo kidogo na pamoja na chakula, kama uji au viazi, wala si juu ya tumbo tupu. Kosa letu la shule, na la mkutano ule, lilikuwa kuwanywesha watu mengi, matupu, na kwa ghafula.

Hapa twaomba mtusikilize sana, kwa sababu yako mambo mawili yafananayo kwa jina na kupishana kwa hatari. Hilo tulilolieleza ni la sukari. Liko jingine liitwalo mzio, nalo ni la protini ya maziwa. Mwili wa mwenye mzio huiona protini hiyo kama adui na kupigana nayo. Dalili zake ni upele wa ghafula, kuvimba midomo au uso, kutapika, kukoroma kifua na kushindwa kupumua. Na humshika zaidi mtoto mdogo. Mtoto wa namna hii hata kijiko kimoja chaweza kumdhuru, na mtindi haumfai kwa kuwa protini imo vile vile. Maziwa ya mbuzi nayo aghalabu si dawa yake, kwani protini zake zafanana mno na za ng'ombe. Asijaribiwe nyumbani, akivimba au akishindwa kupumua apelekwe hospitali mara moja. Watoto wengi hupona mzio huu wakikua, lakini ni mganga apaswaye kusema siku ya kujaribu tena.

Mtasema, na maziwa ya mama je? Mtoto mchanga anayo laktesi tele, na maziwa ya mama ndiyo chakula chake. Mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza, kisha aongezewe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya. Maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu kabla hajatimiza mwaka. Mama asimwachishe mtoto ziwa kwa kusikia hotuba hii.

Pia mtu asitumie habari ya laktosi kuficha uchafu. Maziwa yaliyokamuliwa kwa mikono isiyooshwa, au yaliyokaa juani, nayo huharisha. Maziwa mabichi yaweza kuleta kifua kikuu na homa ya kutupa mimba, na kuganda peke yake hakuondoi hatari hiyo: yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yatiwe mbegu ya mtindi. Walakini kuchemsha hakuondoi laktosi. Moto hutulinda na vijidudu. Mtindi ndio hutupunguzia sukari.

Wanachama wenzetu, kwa nini basi tuhangaike namna hii na kinywaji kinachowasumbua watu? Sababu moja kubwa ni mifupa. Katika maziwa mna kalisi, madini ambayo watu wengine huyaita chokaa ya mwili. Katika kila sehemu 100 za kalisi tuliyo nayo, 99 zimo katika mifupa na meno. Ile sehemu moja iliyobaki ndiyo ifanyayo kazi kila dakika katika damu, misuli na mishipa ya fahamu, na moyo haupigi sawasawa bila yake. Nanyi mwajua hesabu ya chama. Mifupa ni akiba. Damu ni sanduku la matumizi ya kila siku. Sanduku haliruhusiwi kupungua hata siku moja. Kama chakula hakileti kitu, mwili huenda kukopa katika mifupa, wala haumwarifu mwenye mali. Mtu hupata habari uzeeni, anapojikwaa kidogo na nyonga ikavunjika.

Akiba hiyo hukusanywa mpaka miaka ipatayo thelathini. Baada ya hapo kazi ni kuilinda, na kwa wanawake hupungua upesi hedhi zikisha kukoma. Kiasi kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni kama miligramu 1,000 kwa siku. Kwa vijana wanaokua, tangu miaka 9 hata 18, ni kama 1,300. Na kwa mama mja mzito, Shirika la Afya Ulimwenguni limeshauri kwamba, mahali ambapo watu hupata kalisi kidogo katika chakula, apewe vidonge vyake kliniki, kwa kuwa hupunguza hatari ya kifafa cha mimba.

Msidhani kwamba jua letu latosha. Jua likipiga ngozi hutupatia vitamini D, ambayo kazi yake ni kuifungulia kalisi mlango wa kuingia mwilini. Lakini mlango ukifunguliwa na hapana mgeni, nyumba itabaki tupu. Mwaka 1999 Tom Thacher na wenzake walitangaza habari za watoto wa Nigeria wenye matege katika nchi ya jua tele. Waliopewa kalisi, peke yake au pamoja na vitamini D, walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Chakula chao kilikuwa na kalisi kidogo mno.

Sasa na tupige hesabu ya nyumba moja ya kwetu. Robo lita ya maziwa au ya mtindi ina kalisi ya miligramu 300 hivi. Gramu 100 za unga wa wimbi zina kama 340, hivyo uji wa gramu 50 wampa mtu 170. Sukumawiki iliyopikwa, gramu 100, yatoa kama 150. Jumla yake ni 620. Pengo la 380 laweza kuzibwa kwa sehemu kubwa na konzi ya dagaa, wa Victoria au wa Tanganyika, mradi waliwe pamoja na mifupa yao, kwani kalisi imo mifupani. Ufuta usiokobolewa nao una kalisi nyingi.

Hata hivyo si kila kinachoandikwa katika hesabu huingia katika sanduku. Mchicha una kalisi, lakini una asidi inayoishika isitoke. Sukumawiki na kabichi hutoa yao kwa wepesi zaidi. Mchicha na uliwe kwa faida zake nyingine, usitegemewe kwa mifupa. Wimbi na mahindi vina kizuizi chao pia, nacho hupungua nafaka ikirowekwa, ikioteshwa kimea au ikichachushwa. Mama apikaye togwa anafanya kazi hiyo hiyo, na twamsifu kwa hilo. Kwa hiyo hata yule mtoto mwenye mzio, asiyeweza kuonja maziwa, hakuhukumiwa kuwa na mifupa dhaifu. Wazazi wake wana njia, ila watahitaji bidii na uangalifu zaidi, na shauri la mganga.

Liko neno chungu ambalo hatuna budi kulisema. Tukipita majumbani, twakuta nyumba yenye ng'ombe wawili wa maziwa, na watoto wanakunywa chai ya rangi. Mkebe wote umekwenda kituoni. Twajua ada za shule zadai, na pumba hazinunuliwi kwa maneno. Lakini Ushirika haukuanzishwa ili mwanachama auze mifupa ya watoto wake kwa lita.

Kwa hiyo Halmashauri yaleta mbele yenu mambo matatu. Kwanza, kila nyumba itoe maziwa ya nyumbani kabla ya kupima ya kituoni, na kituo kisimwulize mwanachama kwa nini mkebe wake umepungua kwa sababu hiyo. Pili, maziwa ya shule yaendelee kuwa mtindi, kama yalivyo sasa, nusu kikombe pamoja na uji. Mtoto asilazimishwe, na mwalimu awe na orodha ya wenye mzio. Tatu, malalamiko yo yote juu ya maziwa yaandikwe na kuchunguzwa, kituoni na zahanati pia, kabla ya mtu kuitwa mwongo. Kipima maziwa chetu hupima maji. Hakipimi tumbo la mtoto wa mtu.

Hilo la tatu latuleta kwenye deni letu. Mwanachama tuliyemsimamisha alisema kweli mara mbili. Mkubwa wake alikuwa na tabu ya laktosi, na sasa hunywa mtindi. Mdogo wake alipopimwa hospitali alionekana ana mzio wa maziwa. Na lau baba yake angetuogopa akamlazimisha kunywa, leo hii tungekuwa tukisema habari nyingine. Alirudishiwa uanachama wake kabla ya miezi minne kwisha. Walakini tuhuma ilisomwa kwa sauti mbele ya mikebe yote, na masahihisho yakaandikwa katika kitabu cha mkutano, mistari miwili, kitabu kikafungwa kabatini. Kwa miaka hii yote ameleta maziwa yake kila asubuhi, wala hakudai kitu. Hatumtaji jina, kwa kuwa ametuomba tusimtaje. Lakini yupo hapa, nasi tulio ofisini twasimama mbele yake na mbele yenu kusema kwamba tulikosa. Tulimhukumu kwa kitabu chetu bila ya kumsikiliza. Twamwomba radhi, na tumeagiza maneno haya yapigwe chapa katika kitabu hiki cha kumbukumbu, ili masahihisho nayo yasomwe na kila mtu aliyesikia tuhuma.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Chakula cha adhuhuri kitakapoandaliwa leo, mtaona vyombo vya namna mbili mezani, maziwa matamu na mtindi, na uji wa wimbi kwa asiyeweza kimojawapo. Kila mmoja na achukue kinachokubaliana na tumbo lake. Sisi wenyewe mtatukuta penye mtindi.